Kipimajoto Hakikuwa Kibovu: Majibu kwa Walimu Watarajiwa wa Sayansi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, na moja imetoka kwa mkufunzi wao. Nimeyachagua matano ya maswali yao, nimeyapunguza urefu, majina nimeyaacha. Kwa wasomaji wapya: nilifundisha shule za msingi miaka kumi na moja, kisha nikawa mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu hapa kanda ya kati mpaka nilipostaafu.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni. Kidato cha tatu niliacha Fizikia na Kemia, nikabaki na Baiolojia kwa kuwa ilikuwa ya lazima. Baada ya wiki tatu naenda mazoezi ya kufundisha, nimepangiwa sayansi darasa la tano, mada ya hewa. Andalio la somo nimeliandika na limesainiwa. Lakini nikifikiria kuwasha mshumaa mbele ya watoto sabini, mikono inatetemeka. Nikisoma vitabu zaidi, hofu hii itaisha? (Mwanachuo wa kike, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Kwa kusoma peke yake haitaisha. Hofu yako imekaa mikononi, na mikono haisomi.

Nilipangiwa shule yangu ya kwanza mwaka 1984, katika kijiji kimoja cha Kongwa. Ulikuwa mwezi wa nane, ule upepo wetu unaokausha midomo. Nilikuwa na jaribio hilohilo lako: mshumaa kwenye sahani ya maji, unaufunika kwa glasi. Chuoni nililichora, nikaweka majina ya sehemu zote, nikapata alama zote. Sikuwahi kulifanya. Darasa lile madirisha yalikuwa matundu tu, mshumaa ukazimika mara nne kabla sijaufunika. Mara ya tano ulikuwa umelegea ukaangukia majini. Watoto hawakucheka, na ukimya wao uliniumiza kuliko kicheko. Nilifuta ubao nikaandika notisi. Kwa miaka mitatu baada ya siku hiyo sikugusa jaribio lolote mbele ya watoto. Hesabu mwenyewe: ni watoto wangapi walipita mikononi mwangu wakiamini sayansi ni kunakili.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mzee tuliyekaa naye nyumba za walimu. Aliniuliza swali moja tu juu ya siku ile: usiku wa kuamkia somo ulilifanya? Nikamwambia hapana. Usiku ule tulikaa sakafuni jikoni kwake, na koroboi pembeni, tukalifanya mpaka mshumaa ukabaki kipande cha kidole. Asubuhi nilipoingia darasani nilikuwa nimeshakosea mara saba, na kila kosa nililijua kwa sura. Nilijua mshumaa unasimamishwa kwa nta yake ya moto, unaushikilia mpaka nta igande. Nilijua dirisha gani linazibwa kwa gunia. Hayo hakuna kitabu kinachokuandikia.

Kwa hiyo wiki tatu ulizonazo zitumie hivi. Tafuta mshumaa, sahani, glasi inayoonyesha ndani, na maji uliyoyatia rangi kwa rosela ili watoto wa nyuma nao waone. Lifanye jaribio usiku, uone mwenyewe kinachotokea, na uangalie sana ni wakati gani kinatokea. Nasisitiza hapo kwa sababu jaribio hili linafundishwa kwa makosa mahali pengi. Wengi tuliandikiwa kwamba moto unamaliza oksijeni yote, na maji yanapanda kujaza nafasi yake. Ukiangalia kwa makini utaona maji yanapanda kidogo sana wakati mshumaa unawaka, halafu yanapanda kwa kasi pale unapozimika. Kama yangekuwa yanachukua nafasi ya oksijeni inayotumika, yangepanda polepole tangu mwanzo.

Kinachotokea zaidi ni hiki: mwali unaipasha hewa iliyo ndani ya glasi, hewa inatanuka, sehemu yake inatoroka. Ukiwa mwepesi wa macho utaona mapovu ukingoni. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Oksijeni inapungua kweli, ndiyo maana moto unakufa, ila haiishi yote. Ukitaka kuhakikisha, rudia kwa mishumaa mitatu midogo chini ya glasi ileile. Oksijeni iliyomo ni ileile, lakini maji yatapanda zaidi, kwa kuwa joto limekuwa kubwa zaidi.

Mtoto akikuuliza kwa nini kitabu cha kaka yake kinasema vingine, utakuwa na mishumaa mitatu ya kumwonyesha. Hapo ndipo mikono inapoacha kutetemeka. Na weka ndoo ya mchanga karibu na meza; watoto sabini na moto si jambo la kubahatisha.

Shikamoo. Katika zoezi la vitendo tulichemsha maji tupime nyuzi joto. Kipimajoto chetu kilifika 96 kikagoma, maji yanatokota kabisa. Msimamizi wetu akasema kipimajoto ni kibovu, tuandike 100. Tumeandika 100. Lakini mimi bado nina swali moyoni. (Mwanachuo, Dodoma mjini)

Marahaba. Kaa na swali hilo, kwa sababu kipimajoto chenu hakikuwa kibovu.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Dar es Salaam utaipata 100 hiyo. Sisi Dodoma tuko juu, kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayoelemea maji inapungua, na maji yanapata nafuu ya kugeuka mvuke mapema. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 300 unapunguza nyuzi moja. Gawanya 1,120 kwa 300 uone: unapata karibu nne. 100 ukitoa nne ni 96. Mlipima sawasawa kabisa, mkafuta kipimo sahihi na kuandika kisichokuwepo. Wenzenu wa Kondoa na Singida, walio juu zaidi yetu, wakipima vizuri watakuta kama 95.

Ukitaka kujua kama kipimajoto ni kizima, nunua barafu dukani, ipondeponde, iache ianze kuyeyuka, ukitumbukize humo ukikoroga taratibu. Kikisoma sifuri au karibu sana na sifuri, upande huo ni kizima. Ni kazi ya dakika tano, na angeweza kuifanya msimamizi wenu kabla ya kukihukumu.

Simlaumu sana. Naye alifundishwa na mtu aliyemwambia aandike 100. Lakini mnyororo huo lazima ukatike kwa mtu fulani, na mimi naomba uwe wewe. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimkatalia, darasa likamfanya wa kuchekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Osborne hakuwa na jibu. Aliahidi kwenda kulijaribu, na alilijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya sababu zake, hata juu ya lini hasa linatokea.

Nikiwasomea wanachuo wangu habari hiyo, huwa siwaambii wawe kama Mpemba. Wao wanakwenda kuwa walimu. Nawaambia wamwangalie Osborne: aliulizwa na kijana wa shule mbele ya watu, hakuwa na jibu, akaenda kupima. Ukiulizwa usilolijua, sema, "Sijui, mwanangu, tuliandike hapa pembeni ya ubao, Jumatano tulipime." Kisha Jumatano ifike na mpime. Usipolirudia, mtoto hatakuuliza tena.

Mwalimu, sekondari yote nilisoma sayansi kwa Kiingereza. Sasa natakiwa nifundishe kanieneo, tungamo, usanisinuru kwa Kiswahili. Nakwama, na watoto wananiona nakwama. Nifanye nini? (Mwanachuo, Kondoa)

Soma kitabu cha mwanafunzi wa darasa utakalofundisha, chote, jalada hadi jalada, kama vile wewe ndiye mwanafunzi. Ni juma moja tu la kazi. Wanachuo wengi wanaandaa somo la darasa la nne kwa daftari lao la kidato cha pili, kisha wanashangaa maneno hayaji.

Halafu yafungue maneno yenyewe, maana mengi yamebeba maelezo yake tumboni. Kanieneo ni kani juu ya eneo. Mwambie mtoto abonyeze kiganja chake kwa kitako cha kalamu, kisha kwa ncha, kwa nguvu ileile. Ataruka. Kani ni moja, eneo limepungua, na neno limeshaeleweka kabla hujaliandika ubaoni. Egemeo, pale wenzo unapokalia, linatokana na kuegemea. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, una nuru ndani yake. Tungamo ndilo litakalokupa taabu, kwa sababu sokoni kilo tunaiita uzito na hatutaacha. Usigombane na soko. Waambie darasani kwamba tungamo ni kiasi cha kitu kilichomo, hupimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu hicho, hupimwa kwa nyutoni.

Na mtoto akilijibu swali lako kwa Kigogo au Kirangi, mpokee kwanza jibu lake, kisha mpe neno la Kiswahili. Ameshafikiri. Neno ni la kuongezea.

Shule niliyopelekwa iko kijijini, haina umeme wala kompyuta. Mada ya TEHAMA inanisubiri. Mwalimu mwenyeji ananiambia nichore kompyuta ubaoni, nioneshe sehemu zake, basi. Inatosha? (Mwanachuo aliye mazoezini, Singida)

Haitoshi, na wewe unajua, ndiyo maana umeandika. Mchoro ule niliuona kwenye madarasa mengi nilipokuwa nikikagua wanachuo, na watoto waliukariri kama wanavyokariri mipaka ya nchi.

Una simu? Panda mbegu za alizeti kwenye kopo lenye udongo. Kila asubuhi mtoto mmoja apige picha, kopo liwe palepale, simu iwe imelazwa juu ya tofali lilelile. Baada ya siku kumi zipitishe picha haraka haraka, na watoto wauone mche ukitoka ardhini na kufungua majani. Humo watajifunza kupiga picha, kuhifadhi, kutafuta faili, kupanga kwa tarehe, na sayansi ya uotaji juu yake. Watoto sabini kwa simu moja ni wengi, kwa hiyo panga zamu na uziandike ukutani ili asidhulumiwe mtu.

Mchezo mwingine hauhitaji hata simu. Mtoto mmoja anajifanya mashine: hafanyi lolote asiloamriwa. Wenzake wanaandika maagizo ya kumtoa mlangoni mpaka ubaoni. Hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili. Wakikosea, atagonga dawati, nao watarudi kwenye karatasi kutafuta agizo lililoharibu. Mtu anayeandika programu za kompyuta hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Na kwa kuwa uko Singida, hapo kijijini au kijiji cha jirani hapakosi mashine ya kukamua alizeti. Omba ruhusa kwa mwenye mashine na kwa wazazi. Watoto wasimame mbali na mkanda, wahesabu puli, waone ndogo inazunguka mara nyingi kuliko kubwa, waone mafuta yanatoka wapi na mashudu yanatoka wapi. Teknolojia imewazunguka, wengi wao wanatumwa kupeleka alizeti pale na hawajawahi kuulizwa ile mashine inafanyaje kazi.

Mama, mimi ni mkufunzi kijana, mwaka wangu wa pili. Nina wanachuo tisini katika darasa moja la sayansi. Maabara ipo, vifaa ni vichache na viko kabatini, tunaogopa vitavunjika. Nikiwapa notisi wanafaulu mtihani. Lakini nikiwaona mazoezini wanafundisha sayansi kama hadithi. Ninakosea wapi? (Mkufunzi, kanda ya kati)

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba hukuwasingizia wanachuo.

Anza na kabati. Lifungue. Nilifanya kazi mahali ambapo tulikuta mirija ya majaribio ingali ndani ya karatasi zake, imekaa hivyo miaka, na vizazi vya walimu vimepita nje ya kabati lile vikaenda kufundisha. Kitu kikivunjika mkononi mwa mwanachuo anayejifunza, andika kwenye daftari la stoo kwamba kimevunjika katika somo, weka tarehe, tia saini. Hayo ni matumizi halali.

Lakini usitegemee kabati. Mwanachuo wako anakwenda shule ambayo haina kabati. Mimi niliwagawa watano watano, na kila kundi lilikuwa na sanduku la karatasi la vitu walivyookota au kuvitoa nyumbani: chupa za maji, vifuniko, uzi, sindano, betri zilizotumika nusu, balbu ya tochi, sabuni, magadi, limau, rosela. Kisha nikaweka sharti ambalo lilinipa ugomvi mwaka wa kwanza: sisaini andalio la somo lenye jaribio mpaka nimeona jaribio lenyewe likifanywa na mikono ya mwenye andalio. Na chini ya andalio aandike nini kilikwenda vibaya alipolijaribu. Asiyekuwa na la kuandika hapo, nilimrudisha. Hakulijaribu.

Tisini ni wengi, najua. Hutawaona wote kwa siku moja. Makundi kumi na nane, matatu kila kipindi cha vitendo, vipindi sita umewamaliza. Wengine nao hawakai bure: wanafundishana wenyewe kwa wenyewe, dakika kumi kila mmoja, wanne wanajifanya darasa la nne. Wape ruhusa ya kuuliza maswali ya kitoto, yale yanayotisha. Bora atetemeke mbele ya wenzake wanne kuliko mbele ya watoto sabini.

Nikupe jaribio moja la kuanzia, kwa sababu linafaa kwetu kuliko popote. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi za kalisi na magnesi, kila mama wa Dodoma anajua sabuni haitoi povu na maharage hayaivi. Chukua chupa tatu zinazofanana. Ya kwanza tia maji ya mvua uliyokinga, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima uliyokoroga magadi kidogo na kuyaacha yatulie. Yeyusha sabuni ya mche kwenye maji ya mvua, halafu tia matone kumi kila chupa, ziba, tikisa mara ishirini, pima povu kwa rula. Ya mvua itajaa povu, ya kisima itabaki na utando mweupe, ya magadi itapata nafuu. Magadi yanaziondoa chumvi zile majini.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja kundi zima lilikuja kuniambia jaribio ni la uongo, chupa zote tatu zimetoa povu sawa. Nilikaribia kuwaambia wamekosea kipimo. Nikakumbuka kuuliza sabuni gani. Walitumia sabuni ya unga, ambayo imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu. Tulikaa saa nzima juu ya hilo, na kundi lile lilikwenda mazoezini likiwa na jaribio bora kuliko langu: chupa tatu kwa sabuni ya mche, chupa tatu kwa ya unga, na swali la watoto wenyewe kwa nini mama ananunua zote mbili. Hayo ndiyo unayoyakosa kwenye notisi. Notisi haijawahi kutumia sabuni isiyotakiwa.

Mtihani wa vitendo ukiwa mikononi mwako, usipime jibu. Simama pembeni uangalie mikono. Anashikaje kibiriti, anauliza kabla ya kumwaga au baada, jaribio likikataa anafanya nini katika nusu dakika ya kwanza. Nusu dakika hiyo ilinionyesha mwalimu kuliko karatasi ya kurasa nane.

La mwisho, na hili lianze mapema kwa kuwa linataka muda. Simamisha mti ulionyooka katikati ya uwanja wa chuo, uunyooshe kwa timazi kama fundi mwashi, jiwe na uzi vinatosha. Kila juma wanachuo wapime kivuli kilipo kifupi kuliko vyote kwa siku, waandike urefu na upande. Mwezi wa sita kivuli kitalala kusini, mwezi wa kumi na mbili kitalala kaskazini. Wengi wamefundishwa jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, hawajawahi kuambiwa kwamba linahama hivi juu ya vichwa vyao. Mara mbili kwa mwaka linapita juu ya Dodoma wima kabisa: siku za tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Machi mawingu yanaweza kuwanyima, Oktoba anga ni kavu. Siku hiyo ya Oktoba watoe nje saa sita na robo, wasimame kuuzunguka mti bila kuukinga, wasubiri mpaka kama saa sita na dakika ishirini na nne. Usiwaambie kabla nini kitatokea kwa kivuli.

Tarehe 10 niandikie waliuliza nini.